Matembezi ya Pwani Yasifutwe

Ndugu msomaji, huenda nawe umesikia fununu kwamba matembezi ya kila mwaka ya Chama cha Kiswahili yatafutwa, na badala yake tupelekwe Watamu kwa basi, tule, tupigwe picha, turudi. Sababu inayotolewa ni kwamba mwaka jana msichana mmoja wa kidato cha pili alilemewa na safari hata akabebwa. Msichana huyo ni mimi. Kwa hivyo naomba nisikilizwe kabla shauri halijakatwa.

Sikatai kwamba nilichoka. Nilikuwa hoi bin taabani. Lakini yafaa tuulize ni nini kilichonichosha.

Tulipangiwa kuondoka penye mnara wa Vasco da Gama, pale Malindi, saa kumi na mbili asubuhi, tufuate ufuo hadi Watamu, mwendo wa kama kilomita 20. Wenzetu wanaotoka mbali wakachelewa matatu (sisi ni wa kutwa, hatuna kengele ya bweni), tukawangoja. Halafu mikate ikangojwa, halafu mpiga picha. Tuliondoka saa tatu na nusu. Usiku uliotangulia mwezi ulikuwa mpevu, na mtoto yeyote wa mvuvi anajua maana yake: bamvua. Maji hupwa sana asubuhi, kisha alasiri hujaa sana, na kwetu tofauti yake hupita mita 3. Baba yangu ni mvuvi. Nilijua, nikanyamaza, maana nilimwonea mwalimu haya. Hilo ni kosa langu, simsukumii mtu.

Mwanzo ulikuwa raha tupu. Kule Silversands mchanga ulikuwa mgumu, unaokubali mguu. Tulitunga mashairi tukienda, mmoja anatoa mshororo, mwenzake anaupokea kwa vina, na anayeshindwa anabeba mkoba wa mikate. Mayungu wavuvi walituonyesha foromali na demani, maneno ambayo wengi wetu tulikuwa tumeyakariri kwa ajili ya mtihani tu. Mzee mmoja, tulipomwamkia, alijibu marahaba kisha akatazama bahari. "Wanangu, nyinyi mwatembea na maji ama mwashindana nayo?" Tukacheka. Mimi sikucheka sana.

Kufikia saa nane mchanga mgumu ulikuwa umemezwa. Tukabaki na ule laini wa juu, ambao ukipiga hatua moja unarudishwa nusu. Upepo wa kusi ulitupiga usoni, na chupa moja ya maji kwa kila mtu ilikuwa imekwisha zamani. Hamadi! Tukakuta ukuta. Ukuta wa mawe ulioshuka hadi majini, na mlango wa chuma wenye kufuli. Askari wa ndani akasema hakuna njia hapa, endeleeni mbele. Mbele kulikuwa na ukuta mwingine, na baada yake mwingine tena. Tulitembea maji yakiwa magotini, juu ya miamba inayokata, viatu mkononi, tukitafuta kichochoro cha kututoa barabarani. Hapo ndipo miguu yangu iligoma. Wavulana wawili walinibeba, na walinikumbusha jambo hilo muhula mzima.

Sasa, Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa ni ya umma. Vyema. Lakini maji yakijaa, ardhi hiyo ya umma iko chini ya bahari, na wanaoifaidi ni taa na pono! Mwananchi akikosa pa kupandia, hiyo haki yake ina saa zake, kama duka. Kina mama wanaookota kome na wavuvi wanaoshusha samaki wanalijua jambo hili kila siku. Mimi nililijua siku moja tu, tena kwa kubebwa. Ningekuwa ndani ya basi nisingelijua kabisa, kwa sababu basi halikutani na ukuta wowote.

Wazazi wana haki ya kuogopa. Mama yangu mwenyewe yuko upande wa basi, na nyumbani hatujamaliza mabishano. Ila dawa ya kuchelewa ni kuwahi. Tarehe ichaguliwe na anayejua maji, asiwe anayejua kalenda ya shule peke yake. Anayechelewa aachwe. Kila mtu abebe maji lita 3. Na tukienda, tuchukue daftari, tuandike kila kichochoro kilicho wazi na kila kilichozibwa, kuanzia mnarani hadi Watamu, kisha chama kiipeleke orodha hiyo katika ofisi ya kaunti kwa Kiswahili chetu hiki hiki sanifu.

Baba ameshanitazamia mwezi. Amenipa Jumamosi mbili za muhula wa pili ambazo maji yatakuwa mazuri, na nimemwandikia mwalimu mlezi zote mbili. Safari hii sikunyamaza. Bado nangoja jibu.