Picha Isiyo na Sura Tusiicheke

Dada yangu aliolewa Majengo, Pumwani, na kila nipandapo Nairobi hufikia kwake. Msomaji asiyeijua Pumwani na afahamu kuwa ni mtaa wa Waafrika uliopimwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na Waislamu ni wenyeji wake tangu siku hizo. Adhana ipo, mahamri yapo, na lugha ukiisikia huoni ugeni.

Safari hii nimekuta nyumba imenuna. Mpwa wangu amejiunga na vijana wachoraji huko Buruburu, mtaa ambao miaka ya 2010 ulizaa kundi la wachoraji la Brush Tu, na ameleta nyumbani turubai lenye wekundu, weusi na mikwaruzo ya kisu. Basi. Si mtu, si ng'ombe, si mlima. Babake ana hoja mbili. Ya kwanza, kuchora ni haramu. Ya pili, hata kungekuwa halali, huu ni uchafu ambao mtoto yeyote wa chuoni angeumwaga.

Nilimwambia, "Shemeji, niwie radhi, hoja zako zinapigana zenyewe kwa zenyewe." Wanaokataza picha hukataza sura za viumbe wenye roho. Hapa roho iko wapi? Kijana kaiacha sura, nasi twamlaumu kwa kuiacha!

Mtindo huu ulipata nguvu Marekani baada ya Vita Vikuu vya Pili. Jackson Pollock alikuwa akilaza turubai sakafuni na kulidondoshea rangi huku akilizunguka. Picha yake moja ya mwaka 1950, yenye upana wa zaidi ya mita 5, ni mali ya Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York. Shemeji angeiona angeitisha tambara la deki.

Lakini jumba lilo hilo lina picha nyingine, ndogo, haifiki hata nusu mita kwa upana, iliyochorwa mwaka 1964 na kupewa jina la "Msikiti". Mchoraji wake ni Ibrahim El-Salahi, Mwislamu wa Omdurman, Sudan, aliyezaliwa 1930. Babake alikuwa na chuo cha Kurani nyumbani, na huko ndiko mkono wa mtoto ulikozoea kalamu na hati. Alisoma uchoraji London kuanzia 1954 hadi 1957, akarudi Khartoum na kutandaza kazi zake hotelini. Watu walikuja siku ya ufunguzi, wakanywa, wakaenda zao, wasirudi tena. Hakuwatukana. Aliweka brashi chini, akazunguka nchi kutazama watu wake hutundika nini majumbani mwao. Alikuta hati na nakshi. Aliporudi kazini alizivunja herufi za Kiarabu mpaka zikawa mistari, nafasi na vivuli tu. Mwaka 2013 jumba la Tate Modern, London, lilimfanyia maonyesho makubwa ya kazi za umri wake wote.

Sasa sisi wa pwani twacheka nini? Mlango wa Lamu una sura ya nani? Vidaka vya chokaa, kofia ya vito, pindo za kanga: karne nzima macho yetu yanalishwa umbo lisilo kiumbe, na hatujauliza, "Hii ni picha ya nini?"

Sisemi kila rangi iliyomwagwa ni sanaa. Turubai la mpwa wangu, nikisema kweli, wekundu umelizidi. Lakini atajifunza wapi kipimo? Kila siku hushuka matatu akapita mbele ya Jumba la Nyaraka za Taifa, ambamo mna mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966, naye hajaingia hata mara moja. Hakuna aliyemwambia kuwa pale ni pake. Wenye kutunza kazi hizo wangepakia chache na kuzileta ukumbi wa Kaloleni kwa wiki moja tu, hata kina mama wa Majengo wangekwenda kwa miguu.

Turubai liliwekwa nyuma ya mlango, uso ukutani. Asubuhi ya kuondoka nilimkuta dada ameligeuza. Shemeji alipita, akalitazama, akaenda zake msikitini.