Figo Si Sufuria, Biharusi

Wiki iliyopita nimerudi Unguja kutoka Dodoma, kwa mdogo wangu aliyemfuata mumewe serikali ilipohamia huko, na nimerudi na hasira. Leo hakuna mapishi wala mitandio.

Mdogo wangu ana wifi yake, biharusi mtarajiwa. Asubuhi macho yanamvimba, jioni miguu inajaa hata viatu vya harusi havimuingii. Badala ya kupelekwa kupima mkojo, kaletewa chupa ya maji meusi: dawa asilia ya kutoa uvimbe na kusafisha figo, miti tupu, haina madhara. Muuzaji kasema maji ya visima vya Dodoma yana chumvi, yamemchafulia figo. Anywe siku ishirini na moja, na tumbo nalo litaingia ndani, gauni limkae. Shilingi elfu arubaini na tano. Kwenye chupa hamna jina la mmea hata mmoja.

Shangazi yake ndiye aliyeileta, kwa mapenzi kabisa, na yeye simlaumu. Ugomvi wangu ni na muuzaji.

Figo si sufuria ya kusuguliwa. Kila figo ina vichujio vidogo vidogo kama milioni moja. Vikipata uvimbe wa ndani, protini inavuja kwenye mkojo, maji yanabaki mwilini, uso unajaa. Mara nyingi hakuumi hata kidogo. Na sababu ni nyingi: maambukizi, lupus, presha, kisukari, dawa za maumivu tunazomeza kama peremende. Na krimu za kujichubua, ndiyo, zile tunazofichana. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika juu ya wagonjwa wa figo waliokuwa wakijipaka krimu zenye zebaki. Sasa muuzaji wa chupa kajuaje ni ipi kati ya hizo, na hakumpima mtu?

Najua mtaniambia, mimea kaiumba Allah, na habbat sauda imeusiwa na Mtume (s.a.w.). Sipingi, nami naila kila asubuhi na asali. Na wanasayansi wenyewe wanaitafiti: kiini cha manjano kiitwacho kurkumini, na kile cha habbat sauda, vimepunguza uvimbe kwenye figo za panya wa maabara. Lakini ni panya, dada zangu, na kiini kimetolewa peke yake kikapimwa kwa miligramu. Muuzaji anachukua habari ya panya yule anaibandika kwenye chupa yake isiyojulikana ina nini.

Mkitaka kuona mmea ukifika kweli kwenye figo, tazameni tufaha. Mwaka 1835 wanakemia wa Ulaya walitoa kwenye gome la mtufaha kiini kiitwacho florizini. Kilikuwa hakifai kumezwa kama kilivyo, kikachunguzwa na kubadilishwa vizazi na vizazi, mpaka zikapatikana dawa kama dapagliflozin, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa wagonjwa wa figo. Zaidi ya miaka mia na themanini! Na bado daktari haiandiki kabla ya kupima damu. Yetu ya chupa imekamilika nyuma ya duka.

Na wewe biharusi unayetafuta kukonda, hii ni yako. Mjini Brussels, miaka ya mwanzo ya 1990, wanawake walikwenda kliniki ya kupunguza unene wakapewa vidonge vya mimea ya Kichina. Mmea mmoja ulikuwa umechanganywa na mwingine, aina ya Aristolochia, wenye sumu inayokausha figo. Habari ilitangazwa na madaktari mwaka 1993. Walioathirika walipita mia moja, wengi figo zikafa moja kwa moja, na baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo baadaye. Walikuwa wazima wale, walitaka gauni liwakae tu.

Hata birimbi letu la achari. Kule Kerala, India, madaktari waliripoti mwaka 2013 watu kumi ambao figo zao zilisimama ghafla baada ya kunywa juisi yake nyingi, kwa ajili ya okzaleti iliyomo. Kipande kwenye wali hakina neno. Jagi zima kwa jina la tiba ni jambo jingine.

Hao wanaotaja Sunna wanapouza, mbona hadithi nyingine hawaitaji? Abu Daud na Ibn Majah wamepokea kwamba anayejitia utabibu na hajulikani kwa utabibu, akidhuru, dhamana ni yake. Na sheria ya nchi, ya mwaka 2002, imeweka Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kusajili waganga na dawa zao. Muulizeni namba ya usajili, muone atakavyoanza kukusomeeni dua.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mji wenyewe ni Dodoma, ambako Hospitali ya Benjamin Mkapa inapandikiza figo tangu 2018, ndugu anamtolea ndugu yake. Mtu anapasuliwa atoe figo moja, na mtaa wa pili mwingine anauza maji meusi.

Tulimpeleka binti. Kikombe cha mkojo, kijiti cha kupimia, dakika chache: protini tele. Daktari akauliza ametumia nini. Chupa ikatolewa. Akauliza na krimu, binti akainamisha uso. Sasa yuko kwenye matibabu na harusi imesogezwa mbele. Daktari ametaka ithibitike figo zimetulia kabla ya kufikiria mimba, na mchumba, Allah amjaze kheri, kasema atasubiri.

Chupa nimekuja nayo, iko mbele yangu ninapoandika. Wewe uliyemuuzia, kama unasoma hapa, niandikie majina ya mimea iliyomo, mmoja mmoja, na kipimo chake. Daktari wake anayasubiri.