Ramani Yaona Jiwe, Haimwoni Mwenyewe

Barabara ya Lodwar kwenda Kakuma ni kama kilomita 120, na njia nzima nilikuwa nikiwaza ya kwetu Kwale.

Zamani mpima madini alitembea na nyundo na dira. Siku hizi serikali imerusha ndege za kupima usumaku wa miamba na mionzi yake, kompyuta ikachora ramani, na Salim Mvurya, alipokuwa waziri wa madini, akatangaza dalili 970 za madini nchini. Leseni nazo huombwa mtandaoni: unachagua miraba yako ukiwa Nairobi.

Si kila kinachoonekana toka juu ni riziki. Mwaka 2013 setilaiti zilionyesha maji mengi chini ya Lotikipi, kaskazini ya Kakuma. Kisima kilipochimbwa, maji yakawa ya chumvi.

Linalonikosesha usingizi ni jingine. Sheria ya Madini ya 2016 yaipa jamii asilimia 10 ya mrabaha. Jamii ipi? Sehemu kubwa ya ardhi ya Turkana haijasajiliwa, kaunti yaishika kwa amana tu. Mraba wa kwenye skrini hauonyeshi njia ya ngamia wala akina mama wanaopepeta mchanga wakitafuta dhahabu. Kwale ardhi ilijulikana ni ya nani, na bado wenyeji waliungoja mgao huo miaka.

Basi leseni zisubiri. Vijana wa Lodwar wana simu zenye GPS. Wapewe mafunzo, waanze kupima visima na malisho yao, wasajili chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii kabla ya mtu kuweka mraba juu yake.