Huo Si Mchezo wa Watoto

Mtoto wa jirani yangu hapa Katwe ana miaka 12 na yuko P.3. Kwetu Kivu alikuwa amefika darasa la tano, akisoma Kifaransa. Huku hakujua Kingereza, basi wakamrudisha chini akae na watoto wa miaka 8. Akisoma kwa sauti, darasa zima linacheka. Wakitoka, wanamfuata mpaka barabarani: "Mukongo! Mukongo!" Mwezi uliopita walimwaga uji wake siku tatu mfululizo. Siku ya nne akamwambia mama yake: "Mama, miye siendi tena masomo."

Mama akaenda kumwona mwalimu. Akajibiwa: "Ni michezo ya watoto." Aliporudi, sisi majirani tukamwambia yale yale. Mimi mwenyewe nilisema: "Avumilie tu, si tuko wageni?" Leo naandika kulipinga neno langu.

Mchezo una zamu. Leo wewe unajificha, mimi nakutafuta, kesho tunabadilishana. Aliyechoka anatoka na hakuna anayemfuata. Uonevu hauna zamu. Ni mtoto yule yule kila siku, na hana nguvu ya kuwazuia, kwa sababu wao ni wengi, au ni wakubwa, au lugha ni yao. Ukitaka kujua tofauti, usiangalie wanaocheka. Angalia asiyecheka. Angalia daftari linalorudi limechanika, tumbo linalouma siku za masomo tu, mtoto anayezunguka njia ndefu ili asikutane na wenzake.

Na hili la "tuko wageni"? Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inampa mtoto mkimbizi haki ya elimu ya msingi sawa na mtoto wa Uganda. Haikuandikwa kwamba kwanza avumilie matusi. Tukimfundisha kunyamaza, tumewasaidia wanaomwonea.

Sasa nigeukie upande wetu, na najua hapa wengi watanikasirikia. Jioni, uani kwetu, ni watoto wetu sisi Wakongomani wanaomfukuza mtoto wa Kinyamulenge kwenye mpira: "Rudi kwenu Rwanda!" Mtoto wa miaka sita hakulitunga neno hilo. Alilisikia nyumbani, tukiwa tunakula. Tuliacha nyumba, tukaacha mashamba, lakini maneno yaliyotuletea vita tulivuka nayo Bunagana. Basi tukimlaumu mtoto wa Muganda kwa "Mukongo", tujiulize wa kwetu anaita nini wenzake.

Ninyi wa mashirika pia, nisikilizeni. Fomu zenu zinauliza: "Mtoto anasoma?" Tunajibu ndiyo, mnaweka alama, mnaondoka. Ulizeni na hili: "Wakati wa mapumziko anakaa na nani?" Mtoto akikosa jibu, kazi yenu haijaisha. Begi na sare havimlindi mtu.

Tufanye nini? Tusimwambie mtoto "vumilia", wala tusimwambie "nawe piga", maana kesho watakuja kumi. Tumwambie: "Umefanya vizuri kunieleza." Tuandike siku, jambo lililotendeka, na nani aliona. Mzazi asiende peke yake. Twende wawili, watatu, pamoja na mmoja anayejua Kiganda au Kingereza. Mwalimu akipuuza, twende kwa mwalimu mkuu. Naye akipuuza, kuna simu ya watoto ya Sauti, namba 116, haina malipo. Na wale watoto wanaotazama tu, tuwafundishe jambo moja dogo: nenda ukakae karibu na aliyeachwa peke yake. Mwonevu anapenda watazamaji, hapendi mashahidi.

Wiki iliyopita mama watatu wa uani kwetu walimsindikiza jirani yangu kwa mwalimu mkuu, wakiwa na karatasi yenye tarehe. Safari hii hakuna aliyewaambia ni michezo. Walipewa viti, wakasikilizwa, na watoto wanne wakaitwa pamoja na wazazi wao.

Mtoto amerudi darasani. Bado kuna asubuhi analia, na bado tunamsindikiza kwa zamu. Lakini sasa anajua kwamba akisema, kuna mtu mzima atakayesimama. Wa kwako anajua hilo? Muulize leo jioni, kisha unyamaze usikilize.