Kwa Nini Mtu Apende Motokari Isiyotegemewa?

Wanafunzi wenzangu wa Kiingereza wana jibu moja tu wanapokutana na maandishi ya Waingereza kuhusu motokari zao kuukuu za spoti: hawa watu wameshiba. Mtu ananunua motokari ya viti viwili yenye miaka hamsini na paa la turubai linalovuja. Siku za kazi inalala garajini, Jumapili anaitoa, ikizima njiani anacheka, na Jumatatu anakwenda kazini kwa motokari nyingine. Kisha anaandika kurasa nzima kuisifu. Jibu hilo la shibe nimelisikia hata kwa baadhi ya walimu. Lina ukweli ndani yake, nami nitaufikia. Lakini naona linatufanya tufunge kitabu mapema, kabla ya kuelewa mtu huyo anafurahia nini hasa.

Tuanze na neno, maana sisi ni watu wa lugha. Kiingereza kina sifa moja inayotumika kwa motokari, kwa rafiki, kwa saa ya ukutani na kwa shahidi mahakamani. Tunapoifasiri tunasitasita kati ya -a kuaminika na -a kutegemewa, na wengi wetu huandika lile linalokuja kwanza. Mimi nasema maneno hayo si ndugu wa tumbo moja. Kutegemea ni kuweka uzito wako juu ya kitu na kuacha kukifikiria, kama unavyoegemea ukuta. Kuamini kunataka kwanza umjue unayemwamini. Zile Toyota zilizotumika zinazotoka Japani, zikashushwa Dar es Salaam na kupanda mpaka kwetu Lubumbashi kupitia Zambia, ni motokari za kutegemewa. Sifa yao kubwa ni kwamba mwenye motokari anaweza kuisahau. Mwingereza mwenye MG yake hawezi kuisahau hata dakika moja, na ndivyo anavyotaka.

Motokari ninazozungumzia ni zile zilizoundwa Uingereza tangu baada ya Vita vya Pili vya Dunia mpaka karibu mwaka 1980: MG za Abingdon, karibu na Oxford, Triumph za Coventry, Austin-Healey, Lotus za Colin Chapman. Nyingi hazikuwa za matajiri. Austin-Healey Sprite ya mwaka 1958, ambayo Waingereza waliipa jina la Jicho la Chura kwa sababu ya taa zake mbili zilizotokeza juu ya boneti, ilibaniwa gharama kiasi kwamba milango yake haikuwa na vishikio vya nje. Hata buti halikuwa na mfuniko, mzigo ulipitishwa nyuma ya viti. MGB iliundwa kuanzia 1962 mpaka 1980, na zilitoka zaidi ya nusu milioni, nyingi zikavuka bahari kwenda Marekani. Injini yake ya sentimita za ujazo 1,798 ilikuwa na nguvu za farasi 95 hivi. Si nyingi. Lakini dereva anakaa karibu kabisa na ardhi, upepo usoni, usukani unamwambia kila jiwe linalopita chini ya gurudumu, na kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa anajiona anaruka.

Vifaa vingi vya umeme vya motokari hizo vilitoka kwa kampuni ya Lucas ya Birmingham, na madereva wakampa Joseph Lucas, mwanzilishi wake, cheo cha Mkuu wa Giza. Mzaha huo unafasirika vizuri kuliko mizaha mingi ya Kiingereza. Kwa aliyelelewa kanisani, mkuu wa giza ni Shetani. Kwa dereva aliye kwenye kona saa mbili usiku, ni taa zilizozimika.

Sasa, wanaosema kwamba Mwingereza anapenda ubovu wenyewe wanakosea, na ushahidi ni Triumph Stag. Motokari hiyo ilitoka mwaka 1970, nzuri ya kutazamwa, yenye injini ya silinda nane na lita tatu. Pampu yake ya maji iliwekwa juu ya injini, kwa hiyo maji yakipungua kidogo tu pampu inazunguka kavu na injini inachemka. Kampuni iliyoiunda, British Leyland, ilikuwa na shida zake: mwaka 1975 serikali ilibidi iichukue. Stag ilikoma mwaka 1977, baada ya kuundwa takriban 26,000. Waliozinunua mpya, kwa mshahara wao, ili wafike kazini, hawakucheka hata kidogo. Walikasirika, wakaziuza, wengine wakatoa injini na kuweka nyingine. Kicheko kilikuja baadaye, Stag ilipokwisha kuondolewa wajibu wa kumfikisha mtu popote kwa saa fulani. Motokari ni ile ile na kasoro ni ile ile. Kilichobadilika ni kazi yake.

Ushahidi wa pili unatoka Japani. Mwaka 1989 kampuni ya Mazda ilitoa MX-5: viti viwili, paa la turubai, injini mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, umbo lililofuata kwa heshima kubwa Lotus Elan ya mwaka 1962. Ilikuwa na raha yote ya barabarani, ila haikuvuja, haikuzima, na taa zake ziliwaka. Watu waliipenda sana. Mwaka 2016 ilitimiza milioni moja. Kama furaha ya motokari za Kiingereza ingekuwa ni upepo na kona tu, basi mwaka 1989 MGB zote zingepelekwa kuyeyushwa. Kinyume chake, mwaka mmoja kabla, mwaka 1988, kampuni ya British Motor Heritage ilianza kutengeneza upya bodi kamili za MGB kwa kutumia mitambo ya zamani, kwa sababu wenye motokari walizitaka. Basi kuna kitu MGB inacho ambacho Mazda haina.

Kitu hicho, kwa maoni yangu, ni kwamba inasomeka. Chukueni kabureta yake, aina ya SU. Ndani yake kuna pistoni moja inayopanda na kushuka kwa mvuto wa hewa, na chini ya pistoni kuna sindano iliyochongoka inayoachia petroli nyingi au kidogo. Juu kuna kifuniko kidogo. Ukikifungua unatia mafuta mepesi ili pistoni isirukeruke. Basi. Mtu aliyesomea sheria au historia anaweza kuielewa mchana mmoja, akaisafisha mezani jikoni, akairudisha, na safari hii injini ikiwaka anajua kwa nini imewaka. Motokari ya leo inawaka vizuri zaidi, lakini sababu yake imefichwa ndani ya kompyuta ambayo mwenye motokari haruhusiwi kuifungua. Hapo ndipo naturudisha kwenye maneno yetu mawili: ya leo inategemewa, ile ya zamani inaaminika, kwa maana halisi ya kuamini. Unaijua tabia yake mbaya na unajua inakotoka.

Na usomaji huo una kitabu chake. Mwaka 1965 John Haynes, kijana wa jeshi la anga la Uingereza aliyekuwa Aden, alimsaidia mwenzake kufufua Sprite ya Jicho la Chura. Aliona kwamba kitabu cha kiwanda kiliandikiwa mafundi, si mtu wa kawaida. Basi kila walipofungua kitu alipiga picha, akachora, akaandika. Mwaka 1966 alitoa kitabu hicho, nakala 3,000, zikaisha kabla ya miezi mitatu. Tangu hapo vitabu vya Haynes vimeuzwa kwa mamilioni mengi, vya motokari za kila aina, lakini mama yao ni Sprite isiyo na vishikio vya mlango. Mwaka 2020 kampuni hiyo ilitangaza kwamba haitaandaa tena vitabu vya karatasi kwa motokari mpya. Sishangai.

Wenzangu wa fasihi wanisamehe, lakini naona aina hiyo ya maandishi ni ngumu kuliko wanavyodhani. Kila hatua lazima ije kwa mpangilio wake, kwa sababu msomaji ana mikono yenye grisi na hawezi kufunua ukurasa wa nyuma. Onyo lazima litangulie kitendo: mwandishi mbaya anakuambia ulegeze nati, halafu katika sentensi inayofuata anakuonya kwamba springi itakurukia usoni. Hakuna nafasi ya kujionyesha. Mtu akikosea sentensi, mtu mwingine anaumia kidole.

Sasa nirudi kwenye shibe, kama nilivyoahidi. Ni kweli: anayecheka motokari ikizima ana motokari ya pili nyumbani, ana simu ya kuita chama cha waendeshaji kije kumvuta (Waingereza wanacho kimoja tangu 1905), ana vipuri vinavyoletwa kwa posta, na serikali yake imesamehe ukaguzi wa kila mwaka kwa motokari nyingi zilizopita miaka arobaini. Kwetu, matawi ya miti yaliyotandazwa barabarani yanatuambia kwamba mbele kuna lori lenye pane, na chini yake wamelala watu waliokwisha kukaa hapo siku mbili au tatu. Hao hawachezi. Mtu akiniambia kwamba pane ni raha, nitampeleka akalale nao usiku mmoja.

Lakini tazameni kile dereva wa lori na msaidizi wake wanachofanya asubuhi. Wanafungua, wanapanga vipande juu ya gunia kwa mpangilio wa kutoka kwao, wanasafisha, wanarudisha. Elimu ni ile ile ya Jumapili ya Mwingereza, pengine kubwa kuliko yake. Tofauti ni mbili. Mmoja amechagua na mwingine hakuchagua; hiyo ni kazi ya wachumi kuieleza. Tofauti ya pili inatuhusu sisi: elimu ya Mwingereza imeandikwa kwa lugha yake ya nyumbani, na ya dereva wetu inapita kwa mdomo kutoka kwa fundi kwenda kwa mwanafunzi wake, kwa muda ambao fundi anaamua. Na mwenye motokari mwenyewe, mwalimu au muuza duka, anasimama kando ya boneti iliyofunguliwa akiambiwa kiasi cha kulipa.

Hapa Kitivoni tunafasiri hadithi, hotuba na mashairi, na tunafanya vizuri. Sijaona tukifasiri au kutunga ukurasa mmoja wa kufungua kabureta. Nimeambiwa kwamba Kiswahili hakina msamiati. Si kweli, nendeni garaji yoyote. Mafundi wetu wana buji, ambreyaji na demarere kutoka Kifaransa, na wenzao wa mashariki wana plagi, klachi na stata kutoka Kiingereza. Tatizo letu ni kuchagua, wala si kukosa, na mimi ningechagua maneno ya garaji za hapa, kisha yale ya mashariki nikayaweka kwenye orodha ya mwisho.

Tena lugha yetu ina faida ambayo Kiingereza hakina. Katika Kiingereza vitu vyote visivyo na uhai vinarejelewa kwa kiwakilishi kimoja, kwa hiyo mwandishi wa vitabu vya ufundi analazimika kurudia jina la kila kipande, la sivyo msomaji hajui asafishe kipi. Andikeni sasa: toa kifuniko kwenye pistoni, kisha ukisafishe. Au: toa kifuniko kwenye pistoni, kisha uisafishe. Silabi moja imesema kila kitu. Tunawafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza ngeli kana kwamba ni adhabu, na kumbe kwa mtu aliyeinama juu ya injini ngeli ni kidole kinachoonyesha kipande.

Pendekezo langu kwa sehemu ya tafsiri ni dogo. Hatuna MGB hapa mjini. Lakini pikipiki nyingi za teksi zina kabureta, na ndani ya kabureta hiyo kuna sindano inayopanda na kushuka, binamu wa ile ya SU. Kurasa tano zinatosha: fundi mmoja anafungua, mmoja wetu anapiga picha kwa simu, mwingine anaandika. Kisha maandishi apewe mtu ambaye hajawahi kushika bisibisi, aachwe peke yake na pikipiki, na kila mahali atakaposimama na kukuna kichwa sentensi iandikwe upya. Walimu wawili tayari wana pikipiki zinazosumbua kuwaka asubuhi.