Elimu ni Deni

Shule ya Serikali ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1925. Shabaha ya wakoloni haikufichika: kuwafundisha watoto wa machifu, ili wawasaidie kututawala. Mwaka 1937 akaingia Julius Nyerere, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Elimu aliyopewa amtumikie mtawala, aliitumia kumwondoa. Mwaka 1961 Tanganyika ikawa huru.

Leo kijana haulizwi baba yake ni chifu gani. Tangu 2016 ada imefutwa hadi kidato cha nne, na tangu 2022 hadi cha sita. Lakini haikufutika yenyewe, ndugu. Inalipwa na kodi ya mkulima. Kwa hiyo twasema wazi: msomi anayemdharau mkulima huyo amejifanya chifu mpya, na anaturudisha 1925. Elimu ni deni. Lilipwe kwa kazi.