Mshika Mbili Si Mwizi

Wapo wanaodhani kuwa mwalimu mwenye ajira mbili ni tajiri. Dhana hiyo ingebaki katika vijiwe vya kahawa, nisingeshika kalamu. Lakini imeingia mpaka katika ukataji wa kodi, na huko inaumiza watu.

Huku kwetu Masasi na Newala, msimu wa korosho ukiharibika ukoo mzima humgeukia mwenye mshahara. Huyu anataka ada, yule dawa, mwingine bati. Basi mwalimu wa shule ya binafsi hufundisha asubuhi penye ajira yake, na jioni huajiriwa kwingine kwa vipindi vichache. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Mwalimu wetu hushika mbili ili asiponyokwe na zote.

Hebu tutazame kodi inavyomkuta. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi haukatwi kitu. Kinachozidi hapo hadi 520,000 hukatwa asilimia 8. Hadi 760,000 asilimia 20. Hadi 1,000,000 asilimia 25. Na cha juu ya hapo asilimia 30. Hiyo ni ngazi, nami naisifu, maana mwenye kidogo hupanda polepole. Lakini ngazi hiyo ni ya ajira ya kwanza tu. Ajira ya pili hukatwa asilimia 30 tangu shilingi ya kwanza.

Chukua kalamu, ndugu msomaji, tupige hesabu pamoja. Mwalimu ana mapato ya kutozwa kodi ya shilingi 400,000 katika ajira ya kwanza na 150,000 katika ya pili. Ya kwanza inakatwa 10,400, ya pili 45,000, jumla 55,400. Lau fedha hizo zingekuwa mshahara mmoja wa 550,000, angekatwa 26,000. Kwa hiyo amezidishiwa 29,400 kila mwezi, yaani 352,800 kwa mwaka. Sasa mtazame bwana mkubwa mwenye 2,000,000, naye akaongeza ajira ya pili. Yeye alikwisha kufika juu ya ngazi. Hazidishiwi hata senti moja. Je, hii ndiyo haki, kwamba kanuni moja imbane wa chini na kumpita wa juu?

Najua jibu litakalotolewa: kodi ni ya mapato ya mwaka mzima, Januari hadi Desemba, aliyezidishiwa na apeleke ritani, adai chake. Ni kweli. Lakini ni nani anayemweleza hayo? Na mpaka arudishiwe, huyu mnyonge anaikopesha Serikali bila riba, huku mwanawe amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada.

Tena hawezi kudai bila karatasi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi hati ya kodi aliyomkata, hata yule anayeacha kazi katikati ya mwaka. Namjua kijana aliyehama shule moja, ambayo sitaitaja, akazungushwa miezi kwa sababu ya karatasi hiyo moja. Kila alipofuatilia aliambiwa mhasibu hayupo. Bila hati, anayehama hawezi kuonyesha mwaka wake ulivyokuwa, na aliyekaa miezi bila kazi hawezi kuthibitisha kwamba alikatwa kupita kiasi.

Wapo wanaonong'ona kuwa dawa ni kuficha. Kila mwajiri aambiwe kuwa ndiye wa kwanza, au malipo ya pili yaandikwe posho. La hasha! Mwalimu wetu akifanya hivyo atalipa 10,400 badala ya 26,000, na hiyo 15,600 ameipunguza katika chaki na dawati la mtoto wa jirani. Wazee wetu walilipa kodi ya kichwa bila kuulizwa wala kuelezwa. Kodi ya maendeleo nayo ilipofutwa mwaka 2003, wengi walishangilia. Sisi tuliosoma hatuna udhuru wa kukwepa. Wala hatuna udhuru wa kunyamaza.

Nasema hivi: Bunge liruhusu ajira ya pili ikatwe kuanzia pale mshahara wa kwanza ulipoishia katika ngazi. Waajiri watoe hati kabla ya kuombwa. Nanyi walimu vijana, siku ya kwanza ya kazi mpya mwelezeni mwajiri kama mna ajira nyingine, mtunze kila hati ya mshahara, na ifikapo Juni muwe mmekwisha kupeleka hesabu za mwaka uliopita. Na vyuo vya ualimu, nilikotumikia, viifundishe hesabu hii. Tunamfundisha mwanachuo asilimia kwa mifano ya maembe na machungwa, kisha tunamwachia mhasibu amfundishe asilimia ya jasho lake mwenyewe.